Nyama ya nguruwe katika mkutano wa ukoo mwezi wa Desemba: asili yake ni ipi, na ipikwe vipi?

Mwana wa Vunjo (Moshi) anauliza:

Nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Ukoo wetu hukutana kila mwaka huko Vunjo kati ya mkesha wa Krismasi na Mwaka Mpya, na safari hii kamati imenikabidhi mimi shughuli zote za jikoni. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kubanikwa, itakuwepo kama ilivyo ada, mtori wetu wa ndizi utakuwepo, na mama anayetupikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ameshapelekewa ulezi wake. Jambo jipya ni ombi la vijana wanaopanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Wanataka nyama ya nguruwe iwe miongoni mwa vyakula vya mezani, kwa sababu kila mwaka ikifika jioni huteremka mjini kwenye vibanda vya kitimoto na kuwaacha wazee peke yao uani. Hoja hiyo ya wazee kuachwa peke yao ndiyo iliyonifanya nilichukue ombi lao kwa uzito.

Hata hivyo, wapo wazee wawili waliopinga. Wanasema mnyama huyo hana mahali katika mila zetu, kwa kuwa hatambikiwi, wala viungo vyake havigawiwi kwa mpangilio wa ukoo kama vya mbuzi. Sipendi kuwajibu kwa ubishi wala kwa kupigisha kura. Naomba mwenye kujua anieleze jinsi nguruwe alivyoingia katika vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kama zipo jamii nyingine ambako nyama hii imepata heshima ya sikukuu, heshima hiyo ilitoka wapi.

Naomba pia ushauri wa mapishi yenyewe. Sihitaji vipande vya kukaanga vinavyoliwa kwa vijiti huku watu wamesimama. Natafuta chakula cha sufuria kubwa, kinachoiva taratibu, ambacho bibi aliyepungukiwa meno na mtoto wa darasa la kwanza wanaweza kukila katika meza moja. Kule kwetu juu usiku huwa na ubaridi hata mwezi wa Desemba, kwa hiyo mchuzi wa moto utapokelewa vizuri. Tunatarajia watu wapatao hamsini, na baadhi ya wakwe zetu ni Waislamu na Wasabato.

Bibi wa Kilema anajibu:

Marahaba, mwanangu. Wazee wako wamesema kweli, na ni vyema uanze kwa kuwakubalia hilo mbele ya watu. Mnyama wa mila kwa Mchagga ni mbuzi, kisha ng'ombe na kondoo. Hao ndio waliofungiwa ndani ya nyumba, wakaletewa majani kichwani na akina mama kutoka porini, na hao ndio ambao nyama yao ilikuwa na mgawo unaojulikana, hivi kwamba mtu aliyepelekewa kiungo fulani alitambua mara moja kuwa amekipata kwa sababu ya nafasi yake kwa mwenye shughuli. Ukimweka nguruwe katika mgawo huo utakuwa umevuruga lugha ambayo ukoo unazungumza bila kufungua kinywa. Usijaribu.

Lakini kutokuwa mnyama wa tambiko si sawa na kutokuwa na historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Pamoja na wamisionari na walowezi vilikuja kahawa, mboga za bustani na mifugo ya Kizungu, nguruwe akiwa mmoja wao, na pamoja na dini yao ikaja Krismasi yenyewe ambayo leo ndiyo inayotukutanisha. Kahawa nayo ilikuwa ngeni wakati huo, na leo hakuna mzee wa Vunjo atakayekwambia kahawa si yetu.

Nguruwe alizoea kihamba upesi kwa sababu kihamba kilikuwa na kila anachokihitaji. Anakaa bandani, hahitaji malisho mbali, na anakula kile ambacho nyumba ya Kichagga inacho tele, yaani maganda ya ndizi, viazi vilivyokatika wakati wa kulima, pumba na machicha ya mbege. Katika nyumba nyingi nilizozifahamu, ng'ombe alikuwa wa baba, ila nguruwe alikuwa wa mama. Mama ndiye aliyemlisha, mama ndiye aliyepatana na mnunuzi, na fedha iliyopatikana mwezi wa Januari ilikwenda moja kwa moja kwenye ada na sare za shule. Wengi wa hao vijana wako, na baadhi ya wazee wanaopinga, walisomeshwa na banda lile la nyuma ya migomba. Hilo lina uzito wake, na linaweza kusemwa mezani kwa heshima bila kumgusa mbuzi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ndafu ikatwe mchana, wazee wagawe kama wanavyojua, na mambo yote ya ukoo yamalizwe. Nyama ya nguruwe iwe chakula cha jioni, wakati wa kukaa na kuzungumza, na waliopika wawe ni akina mama wa nyumba wakisaidiwa na hao vijana walioiomba. Ipikwe na mshare, zile ndizi za kupika. Mkono wa kutia chumvi uwe mmoja.

Mpishi wa Njiro (Arusha) anajibu:

Shikamoo, Bibi. Naomba niendelee hapo ulipoachia, kwa maana machalari ya nguruwe, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama, ndiyo jibu la swali la ndugu yetu, na ni chakula kinachoharibika kwa haraka mtu akikipika kama machalari ya ng'ombe.

Anza na kuchagua nyama. Achana na paja kwa pishi hili, kwa sababu halina mafuta ya kutosha na likichemka kwa muda mrefu hukauka na kuwa nyuzi. Agiza shingo, bega na mbavu, zikatwe vipande vikubwa vyenye mifupa. Zioshe, zitie chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, na maji ya limau, kisha ziache zipumzike saa moja au mbili. Weka nyama kwenye sufuria bila mafuta yoyote, tia maji kikombe kimoja tu, funika, na upike kwa moto wa wastani. Nyama itatoa maji yake yenyewe, itachemka, na maji yatapungua. Hapo simama karibu usikilize, kwa sababu mlio wa sufuria hubadilika: mchemko mzito wa maji huisha, na badala yake husikika mchachariko mwepesi wa mafuta. Sasa nyama inajikaanga kwa mafuta yake. Igeuze hadi pande zote ziwe na rangi ya kahawia, kisha chota mafuta ya ziada uyahifadhi kwenye chombo. Mtu asiyechota mafuta hatua hii atawapa wageni wake mchuzi unaoganda kwenye sahani mara upepo wa mlimani ukipita, na hapo chakula chote kitalaumiwa.

Tia vitunguu vingi kwenye mafuta kidogo yaliyobaki, vilainike bila kuungua, ongeza nyanya chache, na baada ya hapo maji ya moto ya kufunika nyama. Punguza moto na uache kwa muda wa saa moja na nusu, mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Ndipo ndizi ziingie. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya ili utomvu usikugande, kata kila ndizi vipande viwili, na uzipange juu ya nyama. Tia pilipili mbuzi nzima mbili au tatu zenye vikonyo vyake, zitoe harufu bila kupasuka, na uzitoe kabla ya kupakua ili watoto wasikutane nazo. Usikoroge kwa mwiko. Shika sufuria kwa masikio yake na uitikise, kwa sababu mshare ukishalainika mwiko utaugeuza kuwa mtori. Nusu saa na ushei zinatosha. Wengine huongeza maziwa kwenye machalari, lakini hapa mafuta ya nyama yameshafanya kazi hiyo, na maziwa yataufanya mchuzi kuwa mzito kupita kiasi.

Pishi la pili ninalolipendekeza kwa dhati ni miguu ya nguruwe na maharage. Anayependa makongoro ya ng'ombe ataelewa mara moja, kwani ngozi na mishipa ya miguu hutoa ule uteute unaonata midomoni na kuufanya mchuzi ushikamane bila unga wala kitu kingine. Miguu ibabuliwe vizuri, ikwanguliwe kwa kisu mpaka iwe safi, ichemshwe mara ya kwanza kwa dakika kumi na maji hayo yamwagwe. Halafu ipikwe upya kwa saa tatu na tangawizi, majani ya kitunguu na chumvi. Maharage yaloanishwe usiku kucha na yapikwe sufuria yake, kisha vyote viunganishwe na kupikwa pamoja kwa nusu saa ya mwisho, na vitunguu vilivyokaangwa kwa yale mafuta uliyoyahifadhi. Hiki hupikwa siku iliyotangulia, na kikilala kinakuwa kitamu zaidi. Ni chakula cha bibi uliyemtaja, na nina hakika atakiomba tena.

Kuhusu kuoka paja zima, utahitaji tanuri la uhakika. Kama huna, liache. Na pishi lolote utakalochagua, weka kachumbari ya kabichi, karoti na siki karibu na kila sahani, kwa maana ukali wake ndio unaomwezesha mtu kuendelea kula nyama ya mafuta.

Mwalimu wa Historia (Arusha) anajibu:

Nitajibu sehemu ya swali inayohusu jamii nyingine, kwa kuwa naona inawahusu wazee wale wawili kuliko inavyodhaniwa.

Katika Ulaya ya kaskazini na ya kati, heshima ya nguruwe katika sikukuu za Desemba ilitokana kwanza na majira ya mwaka. Nguruwe walinenepeshwa wakati wa majani kupukutika, wakiachiwa msituni wale mbegu za mialoni, na walichinjwa baridi ilipoingia, wakati ambapo nyama ingeweza kukaa bila kuoza na kutiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi bila haraka. Kumlisha mnyama katika majira ya baridi kulikuwa na gharama, na jokofu halikuwepo. Mtawa wa Kiingereza Bede, akiandika mwaka 725, alieleza kwamba wahenga wake waliuita mwezi wa Novemba mwezi wa sadaka za kuchinjwa, kwa sababu mifugo iliyokuwa ichinjwe ilitolewa kwanza kwa miungu. Nchini Romania, tarehe 20 Desemba, siku ya Ignat, bado ni siku ya kuchinja nguruwe wa Krismasi vijijini. Nchini Sweden paja lililotiwa chumvi huchemshwa, hupakwa haradali na chenga za mkate, na kuokwa. Mchuzi uliobaki haumwagwi, watu huchovya mkate ndani yake. Wajerumani wengi hula nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachushwa wakati wa Mwaka Mpya wakiamini inaleta bahati, na Waitalia hula soseji nene iitwayo cotechino pamoja na dengu, ambazo umbo lake linawakumbusha sarafu.

Sasa tazameni tofauti. Kwetu Desemba ni mwezi wa joto kwa mtu aliye mjini Moshi, na hakuna baridi ya kutuhifadhia nyama. Kinachoamua siku ya kuchinja mlimani ni watu kurudi nyumbani. Ndiyo maana sisi hatukurithi paja la chumvi wala nyama ya moshi, ingawa wamisionari wa Kijerumani waliishi miongoni mwetu. Tulichukua mnyama, tukaacha mapishi yake, na tukampika mbichi siku ile ile kwa namna tuliyoizoea ya kuchoma na kuchemsha.

Kwa hiyo mifano iliyo karibu nasi zaidi iko katika nchi za joto. Nchini Ufilipino, nguruwe mzima huokwa juu ya makaa akiwa kwenye mti mrefu unaozungushwa, na hakuna harusi wala Krismasi ya heshima bila yeye. Huko kisiwani Cebu hujazwa mchaichai na vitunguu tumboni, na mchaichai, kama tunavyojua sote, unajiotea wenyewe kwenye bustani zetu. Anayeijua ndafu hatapata shida kuielewa shughuli hiyo. Chakula hicho leo kinaitwa kwa jina la Kihispania, lechón, lakini nguruwe walikuwepo visiwani humo zamani sana kabla ya Wahispania. Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na Magellan, aliandika kwamba mwaka 1521 alikaribishwa nyama ya nguruwe na mtawala wa huko siku ya Ijumaa Kuu, akaila kwa kuwa hakuweza kukataa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Puerto Rico. Nguruwe waliletwa katika visiwa vya Karibi na Columbus katika safari yake ya pili, mwaka 1493, kwa hiyo huko pia ni mnyama mgeni. Kila Krismasi familia za Puerto Rico hukaa pamoja kutengeneza pasteles: hukuna ndizi mbichi na magimbi mpaka viwe rojo, hutia katikati mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe, hufunga kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lilainike, hukaza kwa uzi, na kuchemsha kwa muda wa saa moja. Mmoja hukuna, mwingine hupanguza majani, mwingine hufunga, na kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima. Ndani ya jani lile kuna mnyama aliyeletwa na Wahispania, ndizi iliyofika kutoka upande huu wa dunia, na ujuzi wa Waafrika na wenyeji wa visiwa. Hakuna anayekaa mezani na kuuliza kipi kati ya hivyo ni cha mila. Ndugu Mwana wa Vunjo, majani ya mgomba unayo, magimbi unayo, na mikono hamsini inakuja. Ningependa sana kuona vijana hao wakipewa kazi hiyo asubuhi.

Mkwe kutoka Same anajibu:

Nashukuru kwa kutukumbuka wakwe. Sisi Wasabato wa Upareni tuko huko tangu wamisionari wetu walipofika mwaka 1903, na kutokula nyama ya nguruwe ni jambo la imani, si la kuchagua kama mtu anavyochagua pilipili. Naandika kwa sababu nimekaa katika shughuli nyingi za wakwe zangu Wachagga na ninajua nini hutufanya tujisikie tumekaribishwa.

Jambo la kwanza si sahani, ni mafuta. Maharage yakikaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kama Mpishi alivyoshauri, basi yasisimame kwenye meza ya wote bila kusemwa. Jiko la nguruwe liwe upande wake wa uwanja, na liwe na sufuria, visu, mbao za kukatia na upawa wake. Ndizi za kuchemsha, wali na mboga zipikwe jiko la pili, kwa mafuta ya alizeti. Mgeni asilazimike kuuliza mara tatu. Awepo mtu mmoja anayejulikana, anayekaa mlangoni mwa chakula na kusema kila sufuria ina nini. Kwa wakwe Waislamu ongezeni jambo moja: mbuzi wa ndafu achinjwe na Mwislamu kwa taratibu zao, hapo nao watakula katika chakula kikuu cha ukoo bila wasiwasi. Mkifanya hivyo hakuna atakayeona haya, na jioni mtakapoketi na chakula chenu sisi tutakuwa tumekwisha kushiba ndafu na tutakuwa hapo hapo tukizungumza.

Binti wa Kaloleni (Arusha) anajibu:

Mwalimu ametaja Puerto Rico, lakini kuna pishi la sikukuu lililo karibu zaidi na sisi ambalo limekaa mijini mwetu miaka mingi bila kujulikana sana. Wagoa, yaani Wakristo wenye asili ya Goa nchini India, walifika Afrika Mashariki wakafanya kazi kama makarani, mafundi cherehani, wapishi na wafanyakazi wa reli, na Krismasi zao hazikukosa sorpotel, mchuzi wa nyama ya nguruwe na maini uliotiwa siki. Mama yangu alijifunza kuipika kutoka kwa majirani, nami nimeirithi kwake.

Asili yake ni Ureno, ambayo iliitawala Goa kuanzia mwaka 1510 hadi 1961. Wareno walikuja na mapishi ya nyama ya nguruwe na maini, Wagoa wakayatia pilipili, mdalasini, karafuu, bizari ya pilau na siki ya mnazi. Nyama yenye mafuta kidogo, maini na moyo huchemshwa nusu, hukatwa vipande vidogo sana, kila aina hukaangwa peke yake, kisha vyote hupikwa polepole katika viungo vilivyosagwa pamoja na siki. Kazi ya kukata ndiyo inayochosha, na hapa uvumilivu ndio ladha, kwa sababu vipande vikubwa havinywi siki. Mimi hutumia siki ya dukani nikiipunguza kwa maji, na matokeo ni mazuri.

Utamaduni wa Wagoa ni kuipika siku mbili au tatu kabla ya Krismasi, wakiipasha hadi ichemke kila siku, na ladha huzidi kukolea. Huliwa pamoja na sannas, mikate laini ya mchele inayopikwa kwa mvuke. Aliyekulia mwambao atatumia mkate wa kumimina na ataona vinaendana. Ningeshauri sufuria ndogo tu kwa ajili ya mkutano wenu, iwe kitoweo cha kuonja kando ya ndizi, kwa maana si kila mzee wa Vunjo atapenda siki na maini kwa pamoja. Kama mna jokofu, litumieni. Joto la Desemba halina huruma.

Afisa Mifugo Mstaafu (Hai) anajibu:

Nimesoma kwa furaha, na sasa naomba mnisikilize kuhusu usalama, kwa kuwa mwezi wa Desemba ndio mwezi ambao watu hununua nguruwe kwa haraka na kwa simu.

Mnyama akaguliwe na mkaguzi wa nyama, akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Nguruwe aliyeachwa kuzurura mahali pasipo na vyoo huweza kuwa na minyoo ya tegu, ambayo huonekana ndani ya nyama kama malengelenge madogo meupe yenye maji, hasa kwenye ulimi, moyo na misuli ya bega. Binadamu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu tumboni, na mayai yanayotoka kwa mtu huyo, yakiingia kwenye maji au chakula cha wengine kwa sababu ya uchafu, huweza kujenga malengelenge ndani ya ubongo na kusababisha kifafa. Madaktari wa hospitali ya Haydom wilayani Mbulu wameandika kuhusu tatizo hilo hapa hapa kaskazini. Mapishi ya kuchemsha kwa saa nyingi yaliyoshauriwa hapa ni salama. Hatari iko kwenye mishikaki mikubwa inayoungua nje na kubaki nyekundu ndani, ambayo vijana huila gizani. Nyama iive hadi kwenye mfupa, na maji yake yatoke meupe yasiyo na wekundu.

La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, hauna tiba, na hauambukizi binadamu, lakini huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Ukizuka, serikali huzuia kusafirisha nguruwe na nyama yake kutoka eneo hadi eneo. Kwa hiyo muulize afisa mifugo wa kata yako kabla ya kulipa fedha, na ununue karibu na nyumbani. Virusi vyake hukaa ndani ya nyama kwa muda mrefu, hata nyama iliyokaushwa. Baada ya sherehe kutakuwa na mifupa na masalia, na ndugu fulani mwenye banda ataomba ayapelekee nguruwe wake. Msimpe. Mabaki yenye nyama ya nguruwe yafukiwe shimoni, na aliyefika akitoka kwenye banda lenye ugonjwa asiingie kwenye banda la jirani na viatu vile vile. Nimeona akina mama wakipoteza ada ya shule ya mwaka mzima kwa ndoo moja ya masalia ya sikukuu.

Mwana wa Vunjo (Moshi) anaandika tena:

Nimewasomea wazee majibu haya yote jana jioni. Maneno ya Bibi wa Kilema yalipokelewa kwa ukimya kwanza, kisha mmoja wa wale wawili akasema kwamba mama yake alikuwa na banda la nguruwe na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiokota maganda ya ndizi kila atokapo shule. Wamekubali, kwa sharti kwamba ndafu itangulie na majiko yatenganishwe. Ombi la mkwe kuhusu mchinjaji limekubaliwa bila mjadala. Tutapika machalari na miguu kwa maharage, na vijana wamekubali kujaribu zile ndizi za kufungwa kwenye majani. Sorpotel tutaiacha hadi nitakapojifunza kwa mtu anayeijua. Naomba Mpishi aniambie niagize kilo ngapi, na nichinje lini.

Mpishi wa Njiro (Arusha) anajibu:

Kwa kuwa ndafu itakuwa imeliwa mchana, na wapo wageni wasiokula nguruwe, kilo kumi na mbili za nyama yenye mifupa zitatosha machalari, pamoja na miguu minane na kilo nne za maharage makavu. Kwa ndizi za kwenye majani ongeza kilo tatu za bega lisilo na mifupa, likatwe vipande vidogo. Ndizi mshare agiza mikungu miwili mikubwa, mmoja wa machalari na mmoja wa kukuna, na uikate siku mbili kabla, ikiwa bado kijani kabisa.

Chinja alfajiri ya siku ya kuamkia sherehe, kabla jua halijapanda, mkaguzi akiwepo. Miguu iende jikoni asubuhi hiyo hiyo. Nyama ya machalari itiwe chumvi na tangawizi, ihifadhiwe kwenye jokofu au ipikwe ile hatua ya kwanza ya kukauka na kujikaanga siku hiyo hiyo, ipoe, na kuhifadhiwa usiku mahali penye baridi. Kesho yake utaianza kwenye vitunguu saa tisa mchana, na saa kumi na mbili jioni utapakua.

Na agiza limau nyingi.